Toleo la Pili Lilifuta Feni: Uhakiki wa Fani ya Crosshair VIII Hero na Dark Hero

Katikati ya 2019, prosesa za Ryzen 3000 za AMD zilipoingia sokoni, kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa mazabodi iitwayo ROG Crosshair VIII Hero. Mwishoni mwa 2020, zamu ya Ryzen 5000 ilipofika, ikatoa ROG Crosshair VIII Dark Hero. Zote mbili zililengwa kwa watu wa ovakloki, yaani wale wanaoisukuma prosesa iende kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani, kisha hulazimika kulikabili joto linalotokana na kasi hiyo. Anayejenga kompyuta ya mezani ya soketi ya AM4 na ana fedha ya kununua moja tu hana budi kuchagua.

Jedwali la sifa halimfikishi mbali. Zote ni za ukubwa wa ATX, zote zinatumia chipseti ya X570, zote zina nafasi nne za kumbukumbu ya DDR4, matundu mawili ya M.2 na matundu manane ya SATA. Hata idadi ya fezi za umeme, ambayo wanunuzi wengi huitazama kwanza, ni ileile: 14+2. Hapo ndipo kusoma fani kunapohitajika. Nazisoma mazabodi hizi kama matoleo mawili ya kazi moja, nikitazama kilichobakizwa, kilichoongezwa na kilichofutwa. Hoja yangu ni hii: badiliko lenye tarakimu kubwa, yaani la ampea, lina uzito mdogo kwa mtumiaji wa kawaida, na badiliko linaloonekana dogo, la kuondoa feni moja, ndilo lililoikomaza kazi nzima.

Muundo

Ramani ya mazabodi zote mbili ni moja. Prosesa imekaa juu, karibu na katikati. Juu yake na kushoto kwake imejipanga saketi inayoilisha umeme, ikiwa chini ya vipoza joto vya alumini. Kulia kuna kumbukumbu. Chini ya prosesa kuna tundu la kadi ya grafiki, na chini zaidi, upande wa kulia, kuna chipseti, ile chipu inayounganisha diski, USB na vifaa vingine na prosesa.

Ukiisoma ramani hiyo kwa jicho la joto, unaona vituo viwili vinavyokabiliana. Cha kwanza ni saketi ya umeme pale juu. Cha pili ni chipseti pale chini. Kati yao inakaa kadi ya grafiki, na hiyo ina joto kubwa kuliko vyote viwili kwa pamoja: GeForce RTX 3080, iliyotoka mwaka uleule wa Dark Hero, imepangiwa wati 320. Kadi ndefu na nene ya aina hiyo hulala juu ya chipseti, au pembeni yake tu, na kuimwagia hewa ya moto. Kwa hiyo kituo cha juu kina bahati: kiko karibu na feni ya nyuma ya kesi na karibu na upepo wa kipoza prosesa. Kituo cha chini kimebanwa mahali ambapo hewa haizunguki vizuri.

Tofauti hiyo ya mahali ndiyo ufunguo wa kuzihakiki mazabodi hizi. Msanifu anaweza kuongeza ubora pale ambapo tayari mambo ni shwari, au anaweza kwenda pale penye shida. Dark Hero imefanya yote mawili, lakini faida zake hazilingani.

Takriri ya 14+2

Fani ya saketi ya umeme imejengwa juu ya takriri, yaani kurudia umbo lilelile. Kuna koili iliyoandamana na chipu ya umeme, kisha koili na chipu nyingine, mara kumi na nne kwa ajili ya viini vya prosesa, na mara mbili zaidi kwa ajili ya sehemu zake nyingine kama kidhibiti cha kumbukumbu. Kazi ya kila jozi, ambayo wanunuzi huihesabu kama fezi moja, ni kuushusha umeme wa volti 12 kutoka pawasaplai hadi volti moja na kitu, kiwango ambacho prosesa inaweza kukila.

Lakini takriri hii ina siri yake. Kidhibiti kinachoziongoza chipu hakitoi ishara kumi na nne tofauti. Kinatoa saba, na kila ishara inaamsha chipu mbili kwa wakati mmoja. ASUS iliacha kwa makusudi njia ya kutumia vigawanyaji, vile vichipu vya kati vinavyoipokea ishara moja na kuipeleka kwa zamu kwenye fezi mbili, kwa sababu vigawanyaji huongeza ucheleweshaji. Chipu mbili zikiitikia pamoja, saketi inaikimbilia prosesa haraka pale inapodai umeme kwa ghafla. Kinachopotea ni ulaini wa mkondo ambao fezi kumi na nne zenye zamu tofauti zingeuleta.

Kwa hiyo mtu anayehesabu koili na kusema hii ina fezi nyingi kuliko ile anahesabu mwangwi pamoja na sauti. Katika uchaguzi wetu huu hilo halimpi mshindi, maana Hero na Dark Hero zina mpango uleule: saba zilizorudufiwa. Linatufundisha tu kwamba wingi wa umbo unaoonekana kwa macho hautoshi kuwa hukumu. Lazima tuulize kila umbo linabeba mzigo gani.

Chuku ya ampea

Hero inatumia chipu za umeme za ampea 60. Dark Hero imezibadilisha na kuweka za ampea 90. Zidisha kwa 14: ya kwanza inafikia ampea 840, ya pili ampea 1,260. Tarakimu hizo zinavutia, na ni rahisi mnunuzi kuamini kwamba ya pili itamfikisha kwenye kasi ambayo ya kwanza haiwezi.

Tupime. Ryzen 9 5950X, prosesa ya viini 16 iliyotoka Novemba 2020, imewekewa na AMD kikomo cha wati 142 kwenye soketi, na mkondo wa kilele wa ampea 140. Gawa 140 kwa 14: kila chipu inabeba ampea 10. Mtu akiondoa vikomo na kuifikisha prosesa hiyo wati 220 kwenye volti 1.3, mkondo ni kama ampea 170, yaani 12 kwa kila chipu. Chipu ya ampea 60 iliyopewa 12 iko mbali sana na kuchoka. Wapagazi kumi na wanne wakigawana mzigo wa watatu, hakuna tena sababu ya kuuliza nani kati yao ana misuli zaidi.

Pima na joto lenyewe. Tuseme saketi hii ina ufanisi wa asilimia 90 pale prosesa inapokula wati 142. Kinachopotea kama joto ni karibu wati 16, zikitawanywa kwenye chipu kumi na nne, kila moja ikipata wati moja na chembe, chini ya kipande kizito cha alumini. Hero haikuwa na tatizo hapo. Chipu za ampea 90 zinaweza kupunguza upotevu huo kidogo, na ubaridi wa ziada haukataliwi. Lakini kikomo cha kasi ya Ryzen hakiko hapo. Kiko ndani ya prosesa yenyewe: viini nane vya Ryzen 5000 vimesongamana kwenye kipande cha silikoni cha takriban milimita za mraba 80, na kulitoa joto kwenye eneo dogo hivyo ni kazi ngumu hata kwa kipoza cha maji. Prosesa inafika kwenye nyuzi 90 za Selsiasi, ukomo wake, wakati saketi ya umeme bado haijatoka jasho.

Ndiyo maana badiliko hili naliita chuku, ile mbinu ya kukuza jambo kupita kipimo chake ili liguse hisia. Chuku ina mahali pake. Wale wanaomwaga naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, juu ya prosesa ili kuvunja rekodi hupitisha mikondo mikubwa mno, na kwao ziada ya ampea ni usalama wa kweli. Kwa anayetaka kompyuta itakayofanya kazi kila siku kwa miaka, tarakimu ya 90 haina kasi yoyote ya kumwongezea.

Kilichofutwa

Sasa tushuke kwenye kituo cha pili. Chipseti ya X570 ndiyo iliyoileta PCIe 4.0 kwenye mazabodi za AMD, teknolojia inayopitisha data mara mbili ya PCIe 3.0 kwa kila njia. AMD iliisanifu yenyewe, badala ya kuitegemea kampuni ya ASMedia kama ilivyofanya kwa chipseti zilizotangulia. Gharama ya kasi hiyo ilikuwa joto: X570 inafikia takriban wati 11, kiwango ambacho mtangulizi wake X470 hakukaribia. Karibu kila mtengenezaji mwaka 2019 alijibu kwa njia moja, akaweka feni ndogo juu ya chipseti. Hero ni miongoni mwao.

Linganisha sasa na hesabu ya juu. Wati 16 za saketi ya umeme zimegawanyika kwenye chipu kumi na nne na ziko penye upepo. Wati 11 za chipseti zimekusanyika kwenye chipu moja, penye hewa ya moto ya kadi ya grafiki. Hapo ndipo fani ya Hero ilipobanwa hasa, na jibu lake lilikuwa la muda. Feni ndogo lazima izunguke kwa kasi ili isukume hewa ya maana, na feni ndogo yenye kasi ina sauti nyembamba inayosikika kupita feni kubwa za kesi. Hewa inayoivuta ni ileile iliyokwisha kupashwa na kadi. Inakusanya vumbi kwenye mapezi yake membamba. Tena ndicho kifaa pekee kinachozunguka kwenye mazabodi nzima, kwa hiyo ndicho kinachotarajiwa kuchakaa kwanza. Ikisimama, mwenye mazabodi hawezi kwenda dukani akapata mbadala kwa urahisi kama anavyopata feni ya kesi, kwa kuwa umbo lake limetengenezwa kwa ajili ya mazabodi hiyo.

Dark Hero imeifuta feni hiyo. Mahali pake pamewekwa bamba kubwa zaidi la metali, na wati 11 zinaachwa zisambae polepole kwenye eneo pana. Kwa macho, mazabodi inaonekana imepunguziwa kitu. Kwa fani, ndipo ilipopata umoja: sasa kila joto lililomo ndani yake linaondolewa kwa njia moja, metali pana na upepo wa kesi. Hakuna tena sehemu inayohitaji matunzo yake ya pekee.

Haki inataka tuseme kwamba wazo hili halikuzaliwa na Dark Hero. Tangu 2019 kampuni ya Gigabyte ilikuwa na X570 Aorus Xtreme isiyo na feni ya chipseti, lakini ile iliuzwa kwa karibu dola 700. Dark Hero ililishusha wazo hilo hadi karibu dola 400, bei isiyopishana sana na ya Hero yenye Wi-Fi. Mwaka 2021 kundi zima la mazabodi zilizoitwa X570S likafuata njia hiyohiyo, zikitumia chipseti ileile bila feni. Soko lenyewe lilithibitisha kwamba feni ile ilikuwa suluhisho la haraka, na kwamba metali iliyopangwa vizuri ilitosha tangu mwanzo.

Njia ya metali ina sharti lake. Bamba halitengenezi upepo. Linategemea upepo wa kesi. Anayeiweka Dark Hero ndani ya kesi yenye kioo mbele na tundu jembamba la hewa pembeni ameinyima kile ilichosanifiwa kukitumia. Feni mbili kubwa za mbele zinazozunguka taratibu zinatosha. Vilevile ni busara kuweka diski ya SSD inayofanya kazi nyingi kwenye tundu la kwanza la M.2, lililounganishwa moja kwa moja na prosesa, badala ya la pili linalopitia chipseti. Mpangilio huo unaipunguzia chipseti kazi, na joto linapungua pamoja nayo.

Sauti mbili katika kazi moja

Kuna nyongeza moja ya Dark Hero ambayo ni zaidi ya chuku. Tangu zamani, mtu wa Ryzen alilazimika kuchagua kati ya mitindo miwili ya ovakloki. Akiiachia prosesa ijiongoze, kiini kimoja cha 5950X kinaweza kufika gigahezi 4.9 kazi ikiwa nyepesi, lakini viini vyote vikishughulika pamoja kasi inashuka sana. Akiifunga mwenyewe kwenye kasi moja, tuseme gigahezi 4.5 kwa viini vyote, kazi nzito inakwenda mbio, ila ile 4.9 ya kazi nyepesi inatoweka. Michezo na programu nyingi za kila siku huitaka ya kwanza. Kutengeneza filamu za katuni na kubana video huitaka ya pili.

Dark Hero ilileta kipengele kiitwacho Dynamic OC Switcher. Mazabodi inapima mkondo unaokwenda kwenye prosesa. Ukiwa chini ya kiwango alichokiweka mtumiaji, prosesa inaachwa ijiongoze. Ukipita, mazabodi inahamia papo hapo kwenye kasi iliyofungwa, na kikomo cha joto kikivukwa inarudi nyuma. Uzuri wake kifani ni kwamba kipimo cha umeme, ambacho awali kilikuwa cha ulinzi tu, kimegeuzwa kuwa kiamuzi cha mtindo.

Hata hivyo nyongeza hii inafaidi wachache. Inahitaji prosesa ya Ryzen 5000 inayokubali kupandishwa, na subira ya kutafuta kiwango sahihi cha ampea. Ryzen 7 5800X3D ya 2022, inayopendwa mno na wachezaji, imefungwa na AMD isipandishwe kasi, kwa hiyo kwake kipengele hiki ni pambo. Zaidi ya hapo, AMD yenyewe ilitoa Curve Optimizer kwa Ryzen 5000, zana inayopunguza volteji ya kila kiini kwa hatua ndogo. Volteji ikishuka, joto linashuka, na prosesa inaitumia nafasi hiyo kupanda yenyewe. Zana hiyo ipo kwenye BIOS ya Hero na ya Dark Hero pia, na kwa watu wengi faida kubwa ya ovakloki inatoka humo. Ryzen huitazama nyuzi ya joto kabla ya kuamua kasi yake. Anayeipoza vizuri ameipandisha.

Yaliyobakizwa

Toleo jema hujulikana pia kwa yale ambayo mhariri hakuyagusa. Vitufe vya kufuta mipangilio na kuingiza BIOS mpya vimebaki nyuma, mahali mkono unapofika bila kufungua kesi. Kioo kidogo cha tarakimu mbili bado kinaeleza mashine imekwama hatua gani inapokataa kuwaka, na kwa anayejaribu volteji mpya usiku kucha hicho ni msaada mkubwa kuliko taa zote za rangi. Kitufe cha kujaribu tena na cha kuwasha kwa usalama vipo. Matundu ya pampu, ya kipima mtiririko wa maji na ya vipima joto vya maji yanayoingia na kutoka yapo pia. Katika mambo haya yote Hero ilishakamilika 2019, na anayeinunua leo hapungukiwi hata kimoja.

Joto la chumba na uamuzi

Vipimo vingi vya mazabodi hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hivi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi kinaweza kuwa na nyuzi 32 mchana wa Februari. Kipoza joto hakiwezi kukishusha kitu chini ya hewa inayokizunguka, kwa hiyo karibu nyuzi zote hizo 12 zinaongezeka juu ya kila kipimo: cha prosesa, cha saketi, cha chipseti. Feni ya Hero katika hali hiyo itazunguka kwa kasi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, ikivuta vumbi na unyevu wa chumvi kila saa. Hapo hoja ya feni inazidi kuwa nzito kwa msomaji wa kwetu kuliko kwa yule wa Ulaya.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye 5900X au 5950X anayezifanyisha kazi nzito za muda mrefu, hasa kwenye chumba cha joto, achague Dark Hero, na sababu yake ya kwanza iwe bamba la chipseti, ya pili Dynamic OC Switcher. Ampea 90 asizilipie hata shilingi. Mwenye 5600X, ambayo kikomo chake ni wati 76, au mwenye 5800X3D, achukue Hero ikiwa bei imeshuka vya kutosha, na tofauti aipeleke kwenye kipoza bora cha prosesa, maana huko ndiko kasi yake itakakotoka. Na kwa kuwa soketi mpya ya AM5 iliingia 2022 na mazabodi hizi sasa hupatikana zaidi zikiwa zimetumika, anayeinunua Hero ya mkono wa pili aiwashe mbele ya muuzaji, aitazame feni ya chipseti ikizunguka, na aisikilize kama inakwaruza. Aliye na Hero nzima nyumbani hana sababu ya kuibadilisha. Asafishe mapezi, aongeze upepo wa kesi, kisha autumie muda wake kwenye Curve Optimizer.

Kama kazi za usanifu, Dark Hero ndiyo bora, na ubora wake umetokana na ujasiri wa kufuta. ASUS iliirudia kazi yake yenyewe, ikatambua palipotegemea kiungo dhaifu, ikakiondoa na kuiachia metali ifanye kazi iliyoiweza tangu mwanzo. Mnunuzi wa mazabodi yoyote ya ovakloki anaweza kuanza na swali hilohilo kabla ya kuhesabu fezi: joto kubwa zaidi lililokusanyika mahali pamoja liko wapi, na msanifu amelipa njia gani ya kutokea?